Namna ya Kuandika Historia ya Umoja wa Wanafunzi Uliofungwa

Kabla hujagusa faili hata moja, amua unaandika habari za chombo kipi. Mlimani, yaani Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, pamepita vyombo kadhaa vya wanafunzi, na majina yake yanafanana kiasi cha kumchanganya hata mtu aliyekuwepo. USUD, umoja wa kwanza katika orodha hii, ilikuwepo enzi za chuo kikuu kishiriki, wakati Dar es Salaam, Nairobi na Makerere zilikuwa pamoja katika Chuo Kikuu cha Afrika Mashariki. DUSO (Dar es Salaam University Students' Organisation) ni ya kipindi kilichofuata, baada ya Mlimani kuwa chuo kikuu kamili tarehe 1 Julai 1970, na ilifutwa mwaka 1978. Mahali pake ikawekwa MUWATA, Muungano wa Wanafunzi Tanzania, chini ya jumuiya ya vijana ya CCM. DARUSO, serikali ya wanafunzi iliyopo leo, ilizaliwa 1991.

Pembeni mwa hivyo ilikuwepo USARF (University Students' African Revolutionary Front). Hiki hakikuwa chombo cha wanafunzi wote. Kilikuwa kikundi cha siasa za mapinduzi kilichoanzishwa 1967, mwenyekiti wake akiwa Yoweri Museveni, wakati huo mwanafunzi hapa. Kilipigwa marufuku Novemba 1970 pamoja na jarida lake, Cheche. Tasnifu inayosema "umoja wa wanafunzi ulipigwa marufuku mwaka 1970" imeshaharibika kuanzia sura ya kwanza, kwa sababu kilichopigwa marufuku ni kikundi, na serikali ya wanafunzi ikabaki.

Tenganisha mambo manne

Simulizi nyingi za migomo zinachanganya mambo manne: wanafunzi kufukuzwa, kiongozi kuondolewa, umoja kufutwa, na chuo kufungwa. Kila moja lina mwamuzi wake, karatasi yake na tarehe yake. Ukiyatenganisha mapema, nusu ya utata unaisha.

Tazama yalivyotokea. Tarehe 22 Oktoba 1966 wanafunzi waliandamana hadi Ikulu kupinga masharti ya kujiunga na Jeshi la Kujenga Taifa. Mwalimu Nyerere aliwafukuza, na papo hapo akatangaza kupunguza mshahara wake kwa asilimia 20. Hapo walifukuzwa watu. Chuo kiliendelea na waliobaki. Julai 1971 rais wa DUSO, Symonds Akivaga, raia wa Kenya, alimwandikia barua ya wazi Makamu Mkuu wa Chuo, Pius Msekwa. Akafukuzwa, na Kikosi cha Kutuliza Ghasia kikaingia chuoni kumtoa. Hapo aliondolewa kiongozi, lakini DUSO iliendelea kwa miaka karibu saba zaidi. Machi 1978 mawili yalikuja pamoja: wanafunzi waliandamana kupinga nyongeza ya maslahi ya wabunge na mawaziri, mamia wakafukuzwa, na DUSO yenyewe ikafutwa. Mei 1990 serikali ilifunga chuo kizima, kikafunguliwa tena mwanzoni mwa 1991, na mwaka huohuo MUWATA ikaipisha DARUSO.

Kwa hiyo fungua daftari au jedwali la kompyuta lenye safu sita: tarehe, siku ya juma, tukio, aliyeamua, karatasi inayothibitisha, na kiwango cha uhakika. Safu ya nne na ya tano ndizo roho ya kazi. Kama hujui aliyeamua, acha wazi. Usijaze "serikali" ili mradi pajae. Rais wa nchi, Baraza la Chuo, uongozi wa chuo na chama tawala ni mamlaka tofauti, na historia ya umoja wowote uliofungwa ni historia ya nani alikuwa na uwezo wa kuufunga.

Safu ya siku ya juma wengi huiona ya kupoteza muda. Inaokoa muda. Tarehe 22 Oktoba 1966 ilikuwa Jumamosi, kwa hiyo toleo la kila siku lenye habari kamili utalitafuta Jumatatu tarehe 24, ukianza na magazeti ya Jumapili. Tarehe 5 Machi 1978, siku ya maandamano yale, ilikuwa Jumapili. Mzee akikuambia walitoka darasani asubuhi hiyo wakaingia barabarani, utajua kumbukumbu mbili zimeungana na utamuuliza tena kwa adabu.

Mahali pa kutafuta

Anza na Maktaba ya Chuo Kikuu Mlimani, kwenye mkusanyiko wa East Africana. Hapo kuna machapisho ya chuo, tasnifu za zamani na magazeti. Kisha nenda Maktaba Kuu ya Taifa, Barabara ya Bibi Titi Mohamed, kwa matoleo yaliyokosekana. Usitegemee sehemu moja, maana majalada ya magazeti yana mapengo, na mara nyingi toleo linalotafutwa na wengi ndilo lililochanwa.

Magazeti uyasome ukijua mwenyewe ni nani. Mwaka 1966 Uhuru na The Nationalist yalikuwa ya TANU, chama tawala cha wakati huo. The Standard lilikuwa bado mikononi mwa watu binafsi, hadi lilipotaifishwa Februari 1970. Ngurumo lilikuwa la Kiswahili na si la chama. Tukio lilelile unaweza kulisoma kutoka pande tatu. Mwaka 1972 The Standard na The Nationalist yakaunganishwa kuwa Daily News, na kufikia 1978 karibu kila ukurasa wa habari ulikuwa wa serikali au wa chama. Ndiyo maana kwa habari za kufutwa kwa DUSO gazeti peke yake halitoshi hata kidogo. Unahitaji vipeperushi vya wanafunzi wenyewe, mihtasari ya vikao na kumbukumbu za waliokuwepo.

Idara ya Kumbukumbu na Nyaraka za Taifa iko Upanga. Utaratibu wake ni kwamba faili za serikali hufunguliwa baada ya miaka 30, kwa hiyo faili za 1978 zilifikisha umri huo mwaka 2008. Lakini kufikisha umri si sawa na kuwa rafuni: faili nyingi hubaki wizarani kwa sababu hakuna aliyezihamisha. Usitafute kwa neno "DUSO" tu, kwa kuwa orodha zimepangwa kwa ofisi iliyounda faili. Tafuta wizara iliyoshika elimu mwaka huo, kisha vichwa kama nidhamu ya wanafunzi, Baraza la Chuo, posho na mikopo. Mijadala ya Bunge imepigwa chapa katika Taarifa Rasmi, na kwa mwaka 1966 na 1978 huwezi kuikwepa.

Vibali vishughulikie mapema, wiki nne hadi sita kabla ya kazi. Mwanafunzi wa chuo hupitia chuo chake. Mtafiti kutoka nje ya nchi aanzie COSTECH, Tume ya Sayansi na Teknolojia, Kijitonyama. Barua ya utambulisho itaje kwa jina kila ofisi utakayoingia. Barua inayosema "kwa yeyote anayehusika" ndiyo inayokurudisha nyumbani mikono mitupu.

Fuata katiba, fedha na chumba

Hapa ndipo watafiti wengi wanapopapita haraka, na hapa ndipo penye mali. Maandamano ni siku moja. Umoja uliishi siku nyingine zote kwa katiba, ada ya wanachama, chumba cha ofisi, mhuri, mashine ya kurudufu na watu wawili au watatu waliosaini hundi. Uliza kila kimoja kilikwenda wapi baada ya umoja kufutwa. Nani aliandika benki kubadilisha sahihi? Funguo za ofisi zilikabidhiwa kwa nani, kwa hati gani? Ada iliyokuwa ikikatwa pamoja na karo iliendelea kukatwa, na kwa jina la nani? Tarehe za karatasi hizi mara nyingi zinaonyesha kufungwa kwa kweli kulivyokwenda, tofauti na tangazo la redioni.

Katiba zisome kwa kuzilinganisha bega kwa bega. Andika vifungu vya nani ni mwanachama, nani anaitisha mkutano mkuu, akidi ni ngapi, na nani ana uwezo wa kuvunja uongozi. Ukilinganisha chombo kilichochaguliwa na wanafunzi na kilichowekwa chini ya jumuiya ya chama, kifungu cha mwisho ndicho kitakachosema mengi. Pitia pia sheria ya chuo: Sheria Na. 12 ya 1970 iliyounda chuo kikuu, na kwa kipindi cha sasa Sheria ya Vyuo Vikuu Na. 7 ya 2005.

Kuhoji wazee wa Mlimani

Waliokuwa chuoni 1966 sasa wanakaribia au wamepita umri wa miaka themanini. Kazi hii haisubiri muhula ujao.

Piga simu kwanza, au bora zaidi upelekwe na mtu wanayemfahamu. Shikamoo, jitambulishe, taja mwalimu wako, kisha omba siku. Usitume orodha ya maswali kwa WhatsApp. Atakujibu kwa mistari miwili na mlango utakuwa umefungwa. Mwite mzee, mama, profesa au mheshimiwa kama anavyoitwa na watu wake, hata kama kwenye tasnifu utaandika jina kavu.

Usianze na kufukuzwa. Anza na shule aliyotoka, siku aliyofika Mlimani, namba ya chumba, na aliyelala naye chumba kimoja. Namba ya chumba huvuta kumbukumbu kuliko tarehe. Kutoka hapo uliza chakula cha kantini, mkutano ulifanyikia ukumbi gani, nani alisimama kuongea, karatasi zilichapwa wapi usiku ule. Dakika 90 zinatosha kwa siku moja. Mzee akichoka anaanza kusimulia aliyoyasoma baadaye badala ya aliyoyaona.

Rekodi kwa faili la WAV, si MP3, kinasa kikiwa sentimita 30 hivi kutoka mdomoni. Zima feni, maana upepo wake hauondoki baadaye, na funga dirisha la upande wa barabara. Washa simu kama kinasa cha pili. Tenga saa tano hadi sita za kunakili kwa kila saa moja ya mazungumzo, na unakili mwenyewe.

Idhini iwe ya maandishi, na iseme wazi kama jina litatumika na rekodi itatunzwa wapi. Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya 2022 inakuhusu. Jambo moja uwe nalo macho: karibu kila simulizi ya migomo ina mtu anayetuhumiwa kuwa alipeleka habari kwa wakubwa. Bila karatasi, jina hilo halichapwi, hata likitajwa na watu watano. Watano wanaweza kuwa walisikia kwa mmoja.

Tafuta wanawake kwa makusudi. Walikuwa wachache, nao huachwa nje kwa sababu orodha za viongozi hazina majina yao. Mwaka 1990 mwanafunzi wa kike alijiua baada ya kunyanyaswa na kundi lililojificha nyuma ya jina la Mzee Punch. Historia ya uongozi wa wanafunzi inayoruka tukio hilo kwa kuwa halikuwa mgomo ni historia pungufu. Na usiishie mpakani: sehemu ya wanafunzi wa miaka ile walitoka Kenya, Uganda na kwingineko, na walirudi kwao na karatasi zao.

Karatasi za nyumbani

Vipeperushi vya stensili vilichapwa kwenye karatasi duni ambayo sasa ni ya kahawia na hukatika kwenye mikunjo. Unyevu wa Dar unaotesha ukungu, na pini za chuma zinakula karatasi kwa kutu. Nawa mikono, ikauke vizuri; glavu za kitambaa zinapunguza wepesi wa vidole na kuchana kingo. Pini ing'oe kwa kuinyoosha miguu yake kwa nyuma, usiivute. Penseli tu mezani, kalamu ya wino ikae mkobani.

Piga picha ya bahasha au jalada kwanza, kisha kila ukurasa pande zote mbili, hata ulio mtupu, ili mtu asidhani umeruka. Kama ni skana, dipiai (dpi) 300 kwa maandishi yaliyopigwa taipu, 600 kwa picha na maandishi ya penseli yaliyofifia. Faili lipewe jina linaloanza na mwaka: 1978-03-05_kipeperushi_01. Weka nakala tatu, mojawapo nje ya nyumba unamoishi.

Namba zinapogongana

Zitagongana. Idadi inayotajwa sana ya waliofukuzwa 1966 ni 393, lakini utakutana na nyingine. Usichague unayoipenda. Uliza kila mwandishi kamhesabu nani: wa Mlimani peke yao, au pamoja na wa vyuo vingine vya mjini walioandamana? Waliotajwa siku ya kwanza, au waliobaki nje baada ya wengine kusamehewa? Hata wanafunzi wa mwanzo kabisa waliopokelewa Oktoba 1961 kwenye jengo la TANU, Mtaa wa Lumumba, wengine husema ni 13 na wengine 14. Andika namba zote mbili na chanzo cha kila moja, halafu sema unaegemea ipi na kwa nini.

Ukimaliza, mrudishie kila mzee karatasi zake pamoja na nakala ya mahojiano iliyochapwa kwa herufi kubwa, ukubwa wa 14. Mpe wiki mbili za kusahihisha majina. Nakala za dijitali zikabidhi maktaba kwa hati yenye sahihi mbili, inayotaja idadi ya kurasa, hali ya kila jalada, na tarehe ambayo wasomaji wataruhusiwa kuzifungua.