Namna ya Kulinganisha Injini ya Zamani na Mpya ya Can-Am Spyder RT

Ukitaka kununua Can-Am Spyder RT iliyotumika, pikipiki ya safari ndefu yenye magurudumu mawili mbele na moja nyuma, anza kwa kuuliza ni toleo la mwaka gani, kwa kuwa zile za 2010 hadi 2013 zina injini ya silinda mbili yenye sentimita za ujazo 998, na kuanzia 2014 zikawekewa injini ya silinda tatu yenye sentimita za ujazo 1,330.

Tofauti kubwa haimo katika mwendo kasi bali katika kuvuta. Injini ya zamani hupata nguvu mizunguko inapopanda, hivyo ukikwea mlima Kitonga, mkoani Iringa, nyuma ya lori lililosheheni utalazimika kushusha gia mapema. Ile mpya huvuta kwa utulivu mizunguko ikiwa chini, na gia yake ya sita, ambayo ya zamani haina, huipumzisha injini kwenye barabara iliyonyooka kati ya Igawa na Chimala, mkoani Mbeya.

Usiijaribu kwenye tambarare pekee. Iwashe ikiwa baridi alfajiri, beba abiria na mizigo, kisha panda mlima halisi, maana Mbeya mjini ni takribani mita 1,700 juu ya usawa wa bahari na hewa nyepesi hupunguza nguvu ya injini zote mbili. Ukishuka, kagua oili na feni ya rejeta.

Mimi ningechagua mpya, isipokuwa ya zamani iwe na kumbukumbu kamili za matengenezo.