Pimbi, Kamongo na Taa ya Dagaa: kutengeneza kitabu cha picha cha kurasa 16

Tafuta karatasi 4 za A4, manila moja ya A4 kwa ajili ya jalada, sindano nene, uzi imara, penseli na kalamu nyeusi isiyochujuka kwa maji. Panga karatasi 4 pamoja, zikunje katikati, utapata kijitabu cha kurasa 16. Kiache kitupu, andika namba za kurasa kwa penseli, ndipo uanze kuwaza hadithi. Ukurasa wa 1 ni wa jina la kitabu, wa 16 ni wa kapicha ka mwisho. Zinabaki kurasa 2 hadi 15, yaani mara 7 mtoto atakapofungua na kuona kurasa mbili kwa pamoja. Kila mfunguo uwe na maneno 40 hadi 50. Ukizidisha, picha inakosa nafasi na mtoto wa miaka mitano anafunua ukurasa kabla hujamaliza kusoma.

Uchawi wa hadithi uchimbwe humuhumu Ziwa Victoria. Kamongo ni samaki anayevuta hewa, na maji yakikauka aweza kujizika kwenye tope akasubiri mvua. Pimbi wa mawe huweka mlinzi juu ya jabali, naye akiona hatari hupiga kelele wote wakimbie. Na dagaa huvuliwa kwa taa usiku wa giza, kwani mwezi ukiwa mkubwa taa haiwavuti. Mambo hayo matatu yanatosha.

Basi: pimbi mdogo anagombezwa kila siku kwa domo lake. Anamkuta kamongo kwenye dimbwi linalokauka, amepotea njia ya ziwani. Wanaokota taa iliyoanguka mtumbwini, nayo inazungumza, ila kwenye giza tu, na hujibu maswali matatu tu. Usiku uwe wa siku 4 baada ya mwezi mpevu: mwezi huchomoza mnamo saa nne usiku, kwa hiyo marafiki wana saa chache tu. Bila masharti ya namna hii taa ingemaliza shida zote kwenye ukurasa wa 6, na huo ndio ugonjwa wa hadithi nyingi za uchawi.

Kurasa 2–3 pimbi anagombezwa, 4–5 dimbwi, 6–7 taa, na swali la kwanza linapotezwa kwa upuuzi (pimbi anauliza kama kuna kiporo). Kurasa 8–9 mvua inashuka, kijito kinafunguka, na mbele yao ziwa zima lina taa za mitumbwi. Kurasa 10–11 wanagombana, maswali yanaisha. Kurasa 12–13 mwezi unachomoza, taa inanyamaza, kamongo amenasa kwenye magugu maji. Pimbi anapanda jabali na kupiga kelele kwa nguvu zote: kushoto! kulia! Kamongo anasikia kwa sababu lazima aibuke kuvuta hewa. Kurasa 14–15 kamongo yuko ziwani, na pimbi amekalia kiti cha mlinzi. Taa isiamke tena kuwaokoa. Wala mzee yeyote asitokee kumweleza pimbi kwamba kipaji chake ni sauti, msomaji ameshaona.

Kabla ya picha za kitabu, chora kila mhusika mara tano kwenye karatasi ya pembeni: amekaa, anakimbia, mbele, nyuma, amekasirika. Usipofanya hivyo pimbi wa ukurasa wa 3 atakuwa ndugu tu wa pimbi wa ukurasa wa 13. Pimbi haonyeshi mkia. Ukimwekea, umechora panya. Masikio ni madogo ya mviringo, miguu ya mbele ina vidole vinne, ya nyuma vitatu. Kamongo ni mrefu, na mapezi yake manne ni kama kamba nyembamba. Jiwe la Bismarck, lile lililosimama ziwani Mwanza, kila mtoto wa huko analijua, kwa hiyo ukilichora lichore lilivyo. Ukitaka uhuru, tumia mawe ya mitaa ya Igogo au Mabatini, yenye nyumba zilizobanana katikati yake.

Kwenye maandishi, anza kwa -li-, kisha endelea na -ka-: “Pimbi alishuka, akanusa maji, akaita.” Ukishatumia -ka-, “halafu” nyingi ni za bure. Amua pia mapema: taa *ikasema* au Taa *akasema*? Zote zinakubalika hadithini, kuchanganya ndiko kunakoudhi.

Picha inayovuka kurasa mbili iweke 8–9 peke yake, kwa sababu hapo tu ndipo kurasa mbili zinazotazamana ziko kwenye karatasi moja isiyokatika. Kwingine mstari wa maji utaruka kwenye mkunjo. Acha sentimita 1.5 pande zote za mkunjo bila maandishi wala uso wa mhusika. Njano hafifu ya penseli hupotea kwenye fotokopi, kwa hiyo zungushia mwanga wa taa kwa kalamu nyeusi.

Steshenari watakaokutolea fotokopi pande mbili za karatasi wape mpangilio huu wa kurasa: 16 na 1, nyuma yake 2 na 15, 14 na 3, nyuma 4 na 13, 12 na 5, nyuma 6 na 11, 10 na 7, nyuma 8 na 9. Kila jozi jumla yake ni 17, ukikuta tofauti kuna kosa. Waambie karatasi igeuzwe kwa upande mfupi, la sivyo nusu ya kitabu itatoka miguu juu. Toa nakala moja kwanza.

Kunja manila, izungushie karatasi iwe jalada, kisha toboa matundu matatu kwenye mkunjo: moja katikati, na moja sentimita 3 kutoka kila ncha. Ingiza sindano tundu la kati kutokea ndani, rudi ndani kwa tundu la juu, shuka hadi la chini utoke nje, kisha rudi ndani kwa la kati. Funga fundo ukiubana uzi mrefu katikati ya ncha mbili. Kurasa za kati zitachomoza kidogo ukingoni. Zikate kwa wembe na rula ya chuma, upande wa kufungulia tu, jalada likiwa limeshashonwa.