Kabla hujapima taya kwa kamera ya simu

Usikope hela ukanunue kamera. Kupima taya linavyoshuka na kupanda mtu akitafuna, simu yako inatosha: picha 30 kwa sekunde, na mtu hutafuna mara moja na kitu kwa sekunde, basi kila tafuno unapata picha ishirini hivi. Simu ikae kwenye stendi, usawa wa mdomo. Futa video za harusi upate nafasi. Mkalishe mtu penye mwanga, maana kwenye kiza simu nyingi hupunguza zenyewe idadi ya picha na hesabu ya muda inaharibika kimyakimya. Rula ya kukupa sentimita ndani ya picha iwe usawa wa uso, si ukutani nyuma ya kiti.

Sasa stika, ile alama utakayoifuata kwenye video. Hapa niliungua.

Tulipima watu kumi na wanne Arua, wanatafuna mahindi ya kuchoma, kila mmoja na stika nyeusi kidevuni. Moja tu! Tukarudi Kampala na basi la usiku tukijipongeza. Kufungua video kwenye kompyuta, taya la mzee mmoja linashuka sentimita 7. Mtu mzima akipiga mwayo kwa nguvu zote hufika 4 au 5. Huyu ana punje za mahindi tu mdomoni. Kumbe mzee alikuwa akitikisa kichwa, tena akimjibu jirani. Na si yeye peke yake, kichwa cha kila mtu hucheza kidogo taya likifunguka. Tulipima shingo tukaiita taya. Ikabidi tupande basi tena. Watano hatukuwapata, waliobaki wakadai soda ya pili, na ilikuwa haki yao.

Basi stika ya pili ibandike juu ya pua, katikati ya macho. Si kwenye paji la uso: nyusi zikipanda, ngozi ya pale inakwenda nazo. Halafu pima stika hadi stika, katika kila picha.

Mwenye ndevu mwambie mapema, haishiki. Wenye jasho wafute uso kwanza. Chakula kiwe kimoja kwa wote, kimepimwa kwenye mizani. Matoke achana nayo, inateremka kabla taya halijaanza kazi. Anayepata shida kumeza asipewe karanga. Ruhusa iombwe kabla ya kurekodi, na sura za watu zisitembee WhatsApp. Maji ya kunywa yawe karibu. Pawabenki pia, umeme hauagi ukiondoka.