Kusajili biashara ukiwa Tanga: ufanye mwenyewe mtandaoni au umlipe wakili?

Swali hili linaulizwa sana hapa mjini siku hizi, hasa na watu wanaowinda tenda za bomba la mafuta kule Chongoleani, au wale wa machungwa ya Muheza ambao wateja wao wameanza kudai nyaraka zenye jina. Jibu langu fupi: kama ni jina la biashara tu usimlipe mtu, fanya mwenyewe. Kama ni kampuni ya watu wawili watatu, wakili ana kazi yake, na kazi yenyewe siyo kubonyeza kompyuta.

Kwanza jua unachotaka, maana wengi wanasema "nataka kampuni" kumbe wanataka jina la kuandika kwenye kibao. Jina la biashara ni wewe yule yule, duka likifilisika wanaokudai wanakuja mpaka kwako Makorora. Kampuni kisheria ni mtu mwingine, deni lake ni lake, lakini inataka wakurugenzi wasiopungua wawili, ritani (taarifa za kampuni) kila mwaka na hesabu za kueleweka. Mama anayekamua mafuta ya nazi na kuuza sokoni hana haja ya mzigo huo jamani, jina linamtosha.

Haya, jina. Andaa namba ya NIDA (namba tu, hata kama kadi haijatoka), simu na imeli. Ingia ors.brela.go.tz, ndiyo mfumo wa usajili wa BRELA, wakala wa serikali wa usajili wa biashara na leseni, fungua akaunti, halafu tafuta kama jina unalolitaka limeshachukuliwa, na uwe na majina mawili matatu ya akiba maana "Tanga Fresh Juice" sijui nini nini yote watu wameshayawaza. Jaza anuani mpaka kata na mtaa, chagua shughuli kwenye orodha, mfumo utakutolea fomu, unaiprinti, unasaini, unaiskani na kuipandisha. Unapewa kontrol namba unalipa kwa simu au benki, shilingi 20,000 basi. Ikirudishwa na maelekezo usihamaki, soma walichoandika, rekebisha, tuma tena. Cheti unakipakua humo humo.

Sasa sikiliza hapa. Wengi tunakwenda kwa kijana wa steshenari atusaidie, sawa, hamna ubaya, mlipe hela yake ya kukaa kwenye kompyuta, lakini akaunti ifunguliwe kwa imeli YAKO na simu YAKO na paswedi uondoke nayo. Yeye akitumia imeli yake kwa sababu "ya kwako inasumbua", siku unataka kubadilisha anuani au kulipa ada ya mwaka unakuta kijana kahamia Dar na simu haipokelewi. Hela ya serikali usimpe mkononi, lipa mwenyewe kwenye kontrol namba.

Kampuni inapita mfumo ule ule ila inaongezeka katiba ya kampuni, fomu ya maadili, taarifa za wamiliki manufaa (yaani wale wanaonufaika na kampuni hasa), na nyaraka nyingine zinataka muhuri wa wakili au kamishna wa viapo, kwahiyo hata ukijifanyia utapita ofisini kwake kidogo. Ada inafuata mtaji: ukiandika mtaji usiozidi milioni 1 usajili ni 95,000, ukichanganya na za kufaili nyaraka na stempu inafika 167,200. Usijaze mtaji wa milioni 100 kwa sifa, utalipia hizo sifa.

Wakili unamlipa kwa ajili ya katiba. Chukua ndugu watatu, mmoja ana boti, wa pili ana hela ya injini, wa tatu ndiye anayekwenda baharini, sasa hisa zinagawanywaje? Mmoja akifariki warithi wake wanaingia kwenye kampuni au wanalipwa watoke? Akitaka kuuza, amuuzie mtu wa nje bila kuwauliza wenzake? Katiba ya kunakili mtandaoni haijui habari ya boti yenu. Kuna wanahisa wageni au kiwanja kinaingizwa kama mtaji, hapo usibahatishe kabisa.

Ila angalia vishoka, wapo wanaovaa suti na hawajawahi kuapishwa. Jina la wakili litafute kwenye mfumo wa Mahakama wa e-Wakili uone kama leseni yake ya mwaka huu ipo hai. Na bei muandikishane, ada za serikali kivyake na ujira wake kivyake, maana akikutajia jumla moja tu huwezi kujua unalipia nini.

Cheti kikitoka bado huruhusiwi kufungua. Nenda TRA: kampuni inachukua TIN (namba ya mlipakodi) yake, na wewe wa jina la biashara kama TIN yako ni ile ya leseni ya udereva waambie waibadilishe iwe ya biashara, mkadiriwe kodi, upate cheti cha kuonyesha huna deni la kodi. Ndipo leseni, biashara nyingi za kawaida zinaombwa Halmashauri ya Jiji kupitia mfumo wa Tausi, zile kubwa za kundi A zinakwenda BRELA. Mkataba wa pango uwe nao mkononi, na kama ni chakula tegemea bwana afya kuja kukagua jiko kwanza.