Kununua haro iliyotumika ya kupandia upya shamba lililochoka

Wiki iliyopita nilimsindikiza shemeji yangu kuangalia haro ya sahani, yaani chombo cha kuvutwa na trekta chenye safu za sahani za chuma zinazokata udongo. Malisho yake yamekonda, magugu yametawala, na anataka kuyapanda upya nyasi. Haro ilikuwa imepakwa rangi mpya inang'aa, na tayari alishaanza kuhesabu pesa. Nikamwomba dakika kumi tu za kuichunguza. Tukaiacha pale pale. Nilichomwonyesha ndicho hiki.

1. Anza na udongo

Chukua nondo nyembamba, ichomeke shambani siku udongo una unyevu. Ikiteremka vizuri halafu ikagoma ghafla kabla ya kufika sm 30, chini kuna tabaka gumu, na haro peke yake haitakusaidia. Tafuta ripa kwanza, yaani chombo chenye meno marefu ya kupasua tabaka hilo. Ikiteremka bila kugoma, haro inatosha.

Plau la kugeuza udongo silishauri kabisa kwa ardhi iliyochoka. Rutuba iliyobaki iko kwenye tabaka jembamba la juu. Ukilifukia, mbegu unaipanda kwenye udongo mfu. Rotaveta, chombo chenye visu vinavyozungushwa na trekta, nayo naikwepa, kwa sababu inasaga udongo hadi unakuwa unga. Mvua kubwa ya kwanza ikinyesha, juu panaganda ukoko ambao mche mchanga wa nyasi hauwezi kuutoboa.

2. Linganisha na trekta

Pima unene wa pini za haro zinazoingia kwenye mikono ya chini ya trekta: milimita 22 ni daraja la kwanza la kiungio, 28 ni la pili, na daraja lilingane na la trekta lako. Uliza uzito wa haro na ulinganishe na uwezo wa trekta lako kunyanyua. Ukiwa na shaka, chukua ndogo.

3. Beringi na shafti

Hapa usiharakishwe na mtu, hata muuzaji akikuambia kuna mteja mwingine yuko njiani.

Haro inyanyuliwe na ikae juu ya magogo au stendi imara. Usiingize mkono chini ya chombo kinachoshikiliwa na haidroliki peke yake. Zungusha kila safu ya sahani kwa mkono, polepole. Beringi nzima inazunguka kimya. Ukisikia mkwaruzo, au safu ikikwama kidogo kisha ikaachia, beringi imekwisha. Halafu ingiza mtaimbo chini ya sahani iliyo karibu na beringi, inua. Ikicheza juu na chini, imekwisha pia. Angalia na sili, kile kizuizi cha maji na uchafu kwenye beringi: vumbi la rangi ya kutu likitoka pembeni yake, maji yalishaingia. Grisi mpya iliyojazwa hadi kumwagika asubuhi ya mauzo isikutulize, maana grisi hunyamazisha kelele kwa muda. Ifute kwa kitambaa, kisha zungusha tena.

Lakini beringi hununuliwa na kubadilishwa. Kinachoumiza ni shafti. Sahani zote za safu moja zimetungwa kwenye shafti moja, mara nyingi ya mraba, na hubanwa na nati kubwa mwishoni. Nati ikilegea na mtu akaendelea kulima, sahani zinacheza, zinakula kona za shafti, na tundu la mraba linageuka duara. Shika sahani mbili zinazofuatana, moja isukume mbele, nyingine ivute nyuma. Hazitakiwi kupishana hata kidogo.

Kisha itazame nati yenyewe. Haro yangu ya kwanza ilikuwa na nati iliyochomelewa kwenye shafti, nikadhani ni ufundi wa kuongeza uimara. Siku ya kubadilisha beringi ndipo nilipoelewa. Tulianza asubuhi kwa spana ndefu, tukahamia kwenye gesi, tukamalizia na grainda. Jua linazama tunakata shafti, na ndani kona zake zilikuwa zimelika kama sabuni. Aliyeichomelea alishindwa kuibana, basi. Tangu hapo nikiona nati iliyochomelewa naondoka, hata bei iwe nzuri kiasi gani. Na hiyo ndiyo niliyoikuta kwenye haro ya shemeji, chini ya ile rangi mpya.

4. Sahani na fremu

Pima kipenyo cha kila sahani. Zilizoanza na sm 61 zikibaki na 50 haziingii ardhini ipasavyo. Zikitofautiana kwenye safu moja, kubwa zinabeba uzito wote na ndogo zinaparuza tu. Mimi napendelea za mbele ziwe na meno, kwa sababu zinakata mabaki ya nyasi za zamani. Kwenye fremu, pitisha kidole pale mikono ya kuvutia inapoungana na chuma kikuu. Nyufa huanzia hapo.

5. Kabla ya kupanda

Kaza nati zote, tia grisi, lima saa moja, simama ukaze tena. Usilime kina zaidi ya sm 8, na kamwe usilime udongo ukiwa na tope.

Pesa iliyobaki inunulie rola ya kushindilia udongo, hata kuukuu, kabla ya kifaa kingine chochote. Mbegu ya nyasi ni ndogo, inataka kufunikwa kwa kama sm 1 na kukumbatiwa na udongo ulioshikamana. Ukishapitisha rola, kanyaga kwa buti: alama ikizama zaidi ya sm 1 na kidogo, pitisha tena kabla hujamwaga mbegu.