Programu ya akili unde isichague basari peke yake

Kaunti ya Kisumu au jirani zake wakitaka programu ya akili unde ichuje maombi ya basari, kazi ianze na daftari. Andikeni programu inasoma data gani, inaamua nini, afisa gani anaisimamia na nani ana mamlaka ya kuizima. Humo tieni pia zile programu za bure za akili unde ambazo makarani hutumia kufupisha barua. Nambari ya kitambulisho ya mwananchi ikishabandikwa huko, imetoka mikononi mwenu.

Panapo hatari kubwa kwa haki za watu, Sheria ya Ulinzi wa Data ya 2019 inadai tathmini ya athari, na ripoti yake imfikie Kamishna wa Data siku 60 kabla ya data kuanza kutumika. Ifanyeni kabla ya kutia saini mkataba, muuzaji angali tayari kurekebisha.

Kwenye majaribio msiharakishe. Chukueni faili 200 ambazo kamati za wadi zilishaamua mwaka jana, ficheni uamuzi, programu izichuje, kisha mlinganishe. Asilimia ya jumla huficha mengi, kwa hiyo yagawanyeni matokeo kwa wadi, jinsia na ulemavu. Halafu kagueni majina. Programu ikisaka maombi yaliyorudiwa kwa kutazama jina la baba, tarehe ya kuzaliwa, shule na simu, Apiyo na Adongo, pacha wanaotumia simu ya mama yao, wataonekana mtu mmoja, na mmoja wao atakosa karo. Ingizeni faili 10 za pacha makusudi. Dawa ni kutofautisha kwa nambari ya usajili ya mwanafunzi.

Kifungu cha 35 cha Sheria ya Ulinzi wa Data kinamkinga mwananchi, isipokuwa katika hali chache, dhidi ya uamuzi mzito unaofanywa na mashine pekee. Basi kila ombi linaloelekea kukataliwa lisomwe na afisa kabla hajaona alama za programu. Afisa asiyepingana nayo hata mara moja huenda hasomi, mpunguzieni faili. Barua ya kukataa itaje sababu halisi na mahali pa kukata rufaa. "Mfumo umekataa" si sababu, na Kifungu cha 47 cha Katiba kinadai sababu kwa maandishi.

Mkataba umkataze muuzaji kufundishia programu nyingine kwa data yenu. Data ikivuja, awaarifu ndani ya saa 48. Ninyi mna saa 72 za kumwarifu Kamishna.