Kupima kiuno na shinikizo la damu kwa kijana mnene

Huku Moshi kijana akirudi nyumbani likizo akiwa amenenepa, husifiwa kwamba shule imemkubali, na ni nadra mtu kufikiria kumpima presha. Presha ya kijana kwa kawaida haina dalili, na mafuta yaliyozunguka viungo vya ndani ya tumbo huhusiana nayo kuliko yale ya mapajani. Kwa hiyo ni vyema muuguzi, matroni wa shule au mzazi apime kiuno na presha siku hiyo hiyo.

Kwa kiuno, tepu ya fundi cherehani inatosha. Mpeleke kijana faragha, kamwe si mbele ya wenzake, kwani aliyeaibishwa mara moja hatarudi. Papasa ubavu wa mwisho na ukingo wa juu wa mfupa wa nyonga, zungusha tepu katikati ya sehemu hizo mbili juu ya ngozi bila kuikaza, kisha usome anapomaliza kutoa pumzi ya kawaida. Kiuno kisifike nusu ya urefu: mwenye sentimita 160 na kiuno cha 84 amevuka mpaka wake wa 80. Mizani ya umeme inayoonyesha asilimia ya mafuta siitegemei sana, kwa kuwa hupitisha umeme mdogo mwilini, na kijana aliyepungukiwa maji baada ya mpira ataonekana ana mafuta mengi kuliko aliyo nayo.

Kabla ya kupima presha, aliyepanda mlima kwa miguu kutoka stendi apumzike dakika 5, ameegemea kiti, nyayo zikiwa sakafuni, bila kuzungumza. Tumia mkono wa kulia uliowekwa usawa wa moyo, kwa sababu mshipa mkuu uliobana tangu kuzaliwa unaweza kushusha kipimo cha mkono wa kushoto.

Kosa linaloniumiza kuliko yote ni la mkanda wa mashine ya presha. Mkanda mdogo ukifungwa kwenye mkono mnene hupandisha namba kwa uongo, na mtoto anaweza kuanzishiwa dawa asizozihitaji. Pima mzunguko wa mkono katikati ya bega na kiwiko: upana wa mfuko wa hewa ulio ndani ya mkanda uwe angalau asilimia 40 ya mzunguko huo, na urefu wake asilimia 80 hadi 100. Mkono wa sentimita 35 unahitaji mfuko wa upana wa 14 na urefu usiopungua 28, ambao mara nyingi ni mkanda mkubwa wa watu wazima. Kama zahanati haina, usikisie. Mpeleke kijana mahali penye mkanda huo.

Kuanzia miaka 13, presha ya kawaida iko chini ya 120 kwa 80. Namba ya juu ikiwa 120 hadi 129, na ya chini haijafika 80, imeanza kupanda. Ikifika 130 kwa juu au 80 kwa chini ni shinikizo la juu, endapo itathibitishwa katika mahudhurio matatu tofauti. Kipimo cha kwanza kikiwa juu, rudia mara mbili na uchukue wastani wa hivyo viwili. Iliyozidi 180 kwa 120, au iliyofika 140 kwa 90 pamoja na kichwa kuuma sana, kuona ukungu au degedege, haingoji hudhurio jingine: kijana apelekwe hospitali siku hiyo. Katika daftari lake andika namba, mkono uliotumika na ukubwa wa mkanda, ili atakayempima muhula ujao atumie ule ule.